Ndugu Yangu Mchina Yuko Mlangoni

Bora nikwambie la aibu kwanza, mwanangu, lipite, halafu tukae kwa raha. Iko siku naikumbuka mpaka leo. Mie mtu mzima wa miaka ishirini na sita, na masharubu yangu nlokuwa nikiyachana kila asubuhi, nimejificha ndani ya kabati la nguo la mamangu. Nimekunja magoti mpaka kidevuni, kanga zimenifunika kichwa, na kopo la poda ya mama limenimwagikia uso mzima. Na huko mlangoni amesimama Mchina mzee na magongo mawili, anamuulizia ndugu yake. Na huyo ndugu yake ndo mie.

Cheka tu. Mie mwenyewe nacheka. Lakini ukishamaliza nisikilize, maana sikuhadithii haya ili ujue babu yako alikuwa juha; hilo unalijua zamani. Nakuhadithia kwa sababu juzi nilipokuja kwenu Mawaleh nilikusikia kwenye simu unamwambia mtu, "Wewe ni ndugu yangu wallahi, nyumba yangu ni nyumba yako." Ulipoikata simu ukamgeukia mamako ukamuuliza, "Huyu nani kwani?" Watu wote sebuleni wakacheka. Mie nilicheka pia, lakini nikalikumbuka lile kabati.

Wakati huo mie na mama tulikuwa tunakaa Ruwi, hapa Maskati, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya msikiti, geti la kijani. Tulikuwa tumetoka Unguja miaka michache nyuma. Shule niliiacha huko huko, kidato cha pili, au tuseme yenyewe iliniacha, maana mie bado nilikuwa naipenda, khasa wakati wa mapumziko. Maskati nikapata kazi kwenye ukumbi mmoja wa maonyesho. Cheo changu kilikuwa mtu wa pazia. Navuta kamba hii, pazia linafunguka. Navuta kamba ile, linajifunga. Kazi yenyewe hata mbuzi angefundishwa angeiweza, lakini ungeniona nnavyotembea mjini ungedhani waziri anapita. Mwenzangu alikuwa Khamis, kijana wa hapa hapa Sidab, mamake mzaliwa wa Pemba, yeye mtu wa taa. Mimi na Khamis tulikuwa tunaitana ndugu kila neno la pili.

Basi mwaka huo likaja kundi la Wachina na opera yao. Kwao wimbo, ngoma, mchezo na kuruka sarakasi vyote ni kitu kimoja, na nyuso wanazipaka rangi mpaka mama mzazi hamjui mwanawe. Walikuwa wacheze jioni tano. Mtu alokuwa anaongoza mambo yote hakuwa muimbaji wala hakuvaa hariri. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, kipara, amekaa pembeni mwa jukwaa na kijingoma kidogo kigumu kama kigae, fimbo mbili mkononi na vibao vya kugonganisha. Huyo ndo Mzee Han. Akigonga, muimbaji anatembea. Akinyamaza, muimbaji anaganda, hata mguu ukiwa juu. Na kiti chake kilikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye kamba zangu, kwa hivyo na mie nikawekwa chini ya amri yake. Akiinua nyusi ya kushoto nafungua, akiinua ya kulia nafunga. Siku ya kwanza ya mazoezi nilichanganya nyusi, nikamfungia pazia mfalme katikati ya wimbo. Mzee Han alicheka mpaka fimbo zikamponyoka.

Mkalimani wao alikuwa binti wa Kichina Muislamu, jina lake Maryam, kasoma Kiarabu chuo. Kiarabu chake cha vitabuni, changu cha sokoni. Kila nikimwambia kitu anakitengeneza kwanza halafu ndo anamfasiria mzee. Yeye ndo alonieleza mchezo wenyewe, tukiwa tumekaa kwenye masanduku ya nguo baada ya mazoezi ya mchana. Rangi za nyuso pia alinieleza. Nyekundu ni mtu mkweli, anayesimama na watu wake. Nyeupe, ile nyeupe pepe ya poda, ni mtu wa hila, mwenye kuwageuka wenziwe. Watazamaji wakiona tu uso mweupe unatokeza, wanajua huyu khaini.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Muuza chumvi anavuka mlima wakati wa theluji. Njiani, kwenye kibanda cha wasafiri, anamkuta mfinyanzi mmoja ana homa, hajui mtu huko. Anampa uji, anamfunika koti lake. Katika kuzungumza wanagundua wote wawili hawana ndugu. Basi wanaulizana miaka, mkubwa anaitwa kaka, mdogo anaitwa mdogo, wanakunywa kikombe kimoja nusu kwa nusu, wanakuwa ndugu. Wanafika mjini, mfinyanzi anasingiziwa wizi wa bakuli la fedha nyumbani kwa mkuu. Hukumu ni viboko vya kuua mtu, na sharia ya mji ni kuwa ndugu anaweza kujitokeza akachukua nusu. Kadhi anaangalia watu, anamuona muuza chumvi kajibanza nyuma, anamuuliza: "Wewe! Huyu ni nani wako?"

Hapo, mwanangu, Mzee Han alikuwa anaizima ngoma. Vinabaki vile vibao tu. Tak. Kimya. Tak. Kimya. Na muuza chumvi mikono ya kanzu yake inatetemeka, imeanza kwenye vidole inapanda mabegani. Akisema "si wangu," anakwenda zake nyumbani na gunia lake la chumvi. Anatetemeka, anatetemeka, halafu anapiga hatua mbele anasema, "Ndugu yangu."

Jioni zote tano nililia. Nimeshika kamba, makamasi yananitiririka, nasahau kufunga pazia mpaka Mzee Han anainua nyusi zote mbili.

Nikamuuliza Maryam, "Kwani asingeweza kumsaidia hivi hivi tu? Lazima kwanza wafanyane ndugu?"

Akafikiri. Akasema, "Zamani kwetu kila mtu alikuwa na nafasi yake. Baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo, mfalme na raia, rafiki na rafiki. Kila nafasi ina kazi zake, na watu wanazijua. Mtu uliyekutana naye njiani hayumo humo. Ukimhurumia vizuri, usipomhurumia hakuna wa kukulaumu."

"Sasa?"

"Sasa huruma huja ikaondoka. Ndiyo maana katika michezo yetu wageni wawili wanapeana kwanza jina. Wewe kaka, mimi mdogo. Ukishalisema, huwezi tena kungoja mpaka roho yako ipende. Kazi inakungoja wewe."

Nikatikisa kichwa kama msomi. Nikasema, "Sisi hatuna shida hiyo. Sisi Maskati watu wote ndugu."

Hee! Na Unguja tulikotoka ndo zaidi. Mtu anakukanyaga mguu sokoni unamwambia, "Yakhe, tazama unakwenda wapi." Yakhe, ndugu yangu, na moyoni unamuombea aanguke.

Asubuhi baada ya jioni ya tano walikuja kufunga masanduku. Mie nikajifanya mwenyeji, nikaleta birika la kahawa na halwa, nikawakalisha. Mzee Han alikuwa ameshajifunza kutikisa finjani akitosheka, lakini siku hiyo hakuitikisa, alikunywa tu. Mie nikanogewa na ukarimu wangu. Nikamshika mkono nikasema kama tunavyosema sote, "Mzee, wewe ndugu yangu. Nyumba yangu nyumba yako. Ukiwa Maskati na mie nipo, ukakae kwengine? Aibu!"

Maryam akafasiri. Mzee Han akaiweka finjani chini. Akanyooka. Akauliza kitu.

Maryam akasema, "Anauliza umezaliwa mwaka gani."

Nikamwambia. Mzee akahisabu kwenye vidole. Akauliza tena.

"Anauliza mama yako yuhai? Anaitwa nani?"

"Yuhai, al-hamdulillah. Zuwena."

"Zu-we-na," mzee akasema, pole pole, kama anayeonja. Halafu akachukua finjani yangu, akaimiminia nusu ya kahawa yake, akanywa yake, akaningoja ninywe yangu. Nikanywa huku nacheka. Akataka nimuandikie nnapokaa. Nikachana kifuniko cha karatasi cha kopo la halwa nikaandika kwa Kiarabu: Ruwi, nyuma ya msikiti, geti la kijani, nikatia na jina langu. Akakikunja akakitia mfuko wa kifuani. Mie nikaona mzee ana adabu nzuri huyu, nikaendelea kula halwa.

Haikupita saa, anashuka ngazi za nyuma na sanduku la ngoma, mguu ukamteleza. Sote tulisikia mfupa. Mie na Khamis ndo tulombeba mpaka kwenye gari. Hospitali wakasema paja limevunjika karibu na goti, litafungwa plasta, hapandi ndege kabla ya wiki tatu. Na kundi lilikuwa linasafiri kesho yake kwenda nchi nyengine, tiketi zimeshakatwa, ukumbi wa huko unangoja. Mkubwa wao akataka kumuacha Maryam abaki naye. Mzee Han akakataa.

Hili nililijua baadaye, na ndo linaloniuma. Aliwaambia, "Mchukueni binti, mtamhitaji huko. Mimi si mgeni hapa. Nna ndugu."

Basi wakaenda zao. Mzee wa watu akabaki kwenye kitanda cha hospitali, hajui Kiarabu, hajui Kiswahili, hajui Kiingereza. Alokuwa nacho ni kipande cha kifuniko cha kopo.

Na ndugu yake je? Ndugu yake siku ya kwanza alisema nitakwenda kesho. Siku ya pili alisema leo joto. Siku ya tatu alipita karibu na hospitali kwenye basi akainamisha kichwa. Usiniulize kwa nini. Ningekuwa na sababu ningekupa, tena ningeipamba. Sikuwa na mgonjwa, sikuwa na safari. Nilikuwa naogopa tu kuwa nikienda nitatakiwa kitu.

Siku ya nne simu ya ofisini ikalia. Khamis akaipokea, akanipa. "Ndugu yangu, yako hiyo. Hospitali."

Karani akasema, "Tuna mzee wa Kichina hapa, anaonyesha karatasi ina jina lako. Keshokutwa tunamruhusu, kitanda kinatakiwa. Huyu ni nani wako?"

Mwanangu, maneno yale yale. Ila safari hii hapakuwa na ngoma wala hariri, wala mtu wa kunililia. Hata mikono haikunitetemeka. Nikasema vizuri tu, kama ninayeagiza chai, "Si wangu. Tulikuwa kazini pamoja."

"Hapa anaonyesha wewe na yeye, anaweka vidole viwili pamoja."

"Labda kachanganya. Nyinyi wapigieni watu wa ubalozi wao."

Nikaweka simu. Khamis alikuwa ameshikilia taa moja anaifuta vumbi. Akaendelea kuifuta mahali pale pale.

Sasa ndo tunafika kabatini. Keshokutwa yake, Ijumaa, nimetoka kusali, niko dirishani nachana masharubu, naona teksi inasimama kwenye geti. Mlango wa nyuma unafunguka, linatoka gongo. Halafu gongo la pili. Halafu mguu mweupe kama nguzo ya msikiti.

"Mama!" nikasema. "Mwambie sipo!"

"Nimwambie nani?"

"Yeyote!"

Nikaingia chumbani kwake, nikafungua kabati, nikajitia ndani. Hapo ndo kopo la poda liliponishukia. Na nyumba yetu ndogo, mlango wa chumba haujafungwa, kila neno nalisikia.

Dereva wa teksi akatoa salamu, akasema, "Mama, samahani. Mzee huyu kanionyesha hii karatasi. Hospitali walisema anakuja kwa nduguye. Nimezunguka nae msikiti huu mara tatu kutafuta geti."

Halafu nikasikia sauti ya Mzee Han. Akasema, "Zu-we-na." Na baada yake, "Mama." Kumbe neno hilo kwao na kwetu moja. Nikasikia gongo linagonga sakafu, dereva anasema "yaa salaam, mshike, mshike!" Mzee alikuwa anataka kumuinamia mama mpaka chini, kama wanavyofanya kwenye mchezo mtu akienda kwa mama wa nduguye, na ule mguu haukunji. Mama ndo alomdaka. Huyo mama ana miaka hamsini na tatu, na mtoto wake mpya kapita sitini.

"Karibu," mama akasema. "Karibu, mwanangu, ukae."

Nikasikia anamvutia mto, anamuweka mguu. Nikasikia anamshukuru dereva, mlango unafungwa. Halafu nyayo zake zinakuja. Kabati likafunguka. Akanitazama nilivyokunjamana na kanga zake.

"Nani yule?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Simjui vizuri, mama."

"Humjui. Yeye anajua jina langu."

Nikazidi kujifunika kanga.

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Kahawa, halwa, nyumba yangu nyumba yako. "Lakini mama, yale maneno tu! Kila mtu huyasema!"

Mamangu hakuwa mtu wa makelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mie bado nimo kabatini kama kuku kwenye tenga, akasema hivi, na nayasema kama alivyoyasema:

"Unaikumbuka siku tuliyoshuka hapa? Mie na wewe na vifurushi viwili. Yule mzee alotupokea hajawahi kutuona, sura zetu hazijui, Kiarabu chetu kinamchekesha. Aliuliza jina la babu yako tu, ajue ukoo. Nikalitaja, akafungua mlango mpaka mwisho, tukakaa kwake miezi minane. Mie kila nikila chakula chake najiuliza, ingekuwa jina lile silo, tungelala wapi? Sisi tulikuja na jina la babu. Huyu maskini hana jina la babu hapa. Ana neno lako tu. Na wewe umelikimbia mpaka kabatini."

Akasimama. "Toka. Na usijifute huo uso. Nenda hivyo hivyo."

Nikatoka. Sebuleni Mzee Han amekaa, magongo mapajani, kiganja juu ya kile kifuniko cha halwa. Akainua macho akaniona. Uso wangu mweupe pepe, masharubu meupe, nyusi nyeupe. Wewe ushajua uso mweupe kwao ni wa nani. Na yeye miaka arubaini yuko jukwaani, anaupigia ngoma uso ule ule unapoingia.

Alinitazama. Akatazama mlango wa kabati ulioachwa wazi kule chumbani. Akanitazama tena. Na hapo, mwanangu, hapakuwa na Maryam, na hatukumhitaji.

Halafu akaanza kucheka. Si cheko la kunikejeli. Alicheka mpaka machozi, mpaka mama naye akacheka mlangoni. Alipokwisha akanipungia mkono nije. Nikapiga magoti mbele yake. Akatoa taulo ya hospitali kwenye mfuko wake, akaitia maji kwenye gilasi alopewa anywe, akanishika kidevu, akaanza kunifuta. Paji la uso, mashavu, nyusi. Pole pole, kama wanavyowafuta waimbaji mchezo ukisha. Alipofika kwenye masharubu nilikuwa nalia, na hapakuwa na mtu wa kufunga pazia.

Alikaa kwetu siku kumi na saba. Kila asubuhi akiamka kabla ya mie anakwenda kwanza kumuamkia mama, kichwa chini, ndo anakunywa chai. Mchuzi wa papa aliupenda kuliko mie. Akichambua mchele na mama anagonga sinia kwa kijiti, na mama mikono yake inafuata mwendo bila ya kujua. Hakusema ahsante hata siku moja. Mwanzo iliniudhi. Maryam alipompigia simu nikamuuliza, akaniambia, "Kwetu ukimwambia nduguyo ahsante, umemfanya mgeni."

Alipoondoka tulikuwa tunaandikiana kila mwaka kwa mkono wa Maryam. Barua zake zote mstari wa kwanza ni mmoja: mama hajambo? Mama alipofariki nilimpelekea khabari. Mie mwanawe wa kumzaa nilikaa matanga siku tatu, ya nne nikarudi kwenye kamba zangu. Maryam akaniandikia kuwa Mzee Han hakushika fimbo za ngoma siku mia moja. Kundi lilimtafuta mtu mwengine. Walipomuuliza, alisema amefiwa na mama.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii, nami sina shule ya kukupa kubwa kuliko hiyo. Ulimi wetu mtamu, mwanangu. Tunagawa undugu kama karanga. Mtu hajakaa chini ushamwita kaka, ushampa nyumba. Sikwambii uache, nchi ambayo watu hawaitani ndugu mie siitaki. Nakwambia ukishalisema neno hilo, jua kuna mtu kalikunja kalitia mfuko wa kifuani. Wewe utasahau, yeye atakuja nalo. Usingoje moyo wako umpende kwanza, maana moyo unaweza kuchelewa wiki tatu na mguu wa mtu umevunjika leo.

Na usifikiri mgeni ni lazima atoke Uchina. Binti wa Kiganda nyumbani kwenu, huyo anayekupikia, mnamwita dada asubuhi mpaka jioni. Mwezi uliopita alipopata homa nilisikia mtu anasema, "Ipigiwe simu ofisi ilomleta." Sitaji jina la mtu. Nauliza tu: pale kliniki wakiuliza huyu ni nani wenu, mtasema nini? Kama si dada, mwiteni kwa jina lake, nalo ni jina zuri. Kama ni dada, basi dada akiumwa anashikwa mkono, anakaliwa kitandani, na kwao wanapigiwa simu kwa sauti ya mtu anayemjali.

Mungu akupe mlango mpana na moyo usiokimbilia kabatini. Akupe watu wa kukufungulia siku utakayofika mahali huna jina la babu. Na akikuletea mtu mlangoni, akupe miguu ya kwenda kumpokea wewe mwenyewe. Amin.

Khamis nilimwambia yote kesho yake ya siku ile ya kabati, Jumamosi, tunapandisha taa. Poda, taulo, maneno ya mama, sikumficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashuka ngazi, akafuta mikono. Akasema, "Miaka miwili sasa unaniita ndugu yangu. Kuanzia leo niite Khamis. Siku ukiwa tayari, utaniambia."